Noah Righa na Taa za Saa Moja Asubuhi

Shemeji yangu Noah Righa alikuwa mtu wa taa katika stesheni ya Voi, na kabla sijasema jambo lingine juu yake, niseme kwamba kazi ile nilimpatia mimi. Yeye angekwambia aliipata mwenyewe. Usimsikilize. Mimi ndiye niliyepeleka habari Sagalla kwamba nafasi ipo, na mimi ndiye niliyekuwa tayari nimekalia kiti katika bohari ya mizigo, kalamu sikioni, siku aliposhuka mlimani na viatu mkononi ili visichakae njiani. Baadaye akamwoa dada yangu Mable. Hilo pia nilimpatia mimi, ingawa Mable hukataa.

Kazi ya mtu wa taa mtaiona ndogo mpaka muifanye. Kila jioni Noah alibeba taa begani, mbili mbele na mbili nyuma kwenye mti, akafuata reli mpaka kwenye milingoti ya signali, yenye mikono ya ubao ya kumwambia dereva apite au asimame: ile ya upande wa Maungu, ile ya upande wa Nairobi, na ile ya njia ya Taveta. Alipanda ngazi ya chuma, akaiweka taa nyuma ya kioo chekundu na cha kijani, akashuka. Alfajiri alirudi kuziteremsha. Mchana alikata tambi, alifuta masizi, alijaza mafuta. Mable alilalamika kwamba hata ugali wa nyumba ile ulinuka mafuta ya taa. Ni kweli. Nimeula mara nyingi, kwa kuwa mimi si mtu wa kuchagua, hasa chakula cha dada.

Na Noah alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Hakuwahi kuingia darasani, lakini alikuwa anaweza kukushika shati akuulize kwa nini ukiinamisha taa moto wenyewe hauinami, au kwa nini reli mbili ukizitazama mbali zinakutana, na ukienda pale hazijakutana. Mimi nilikuwa na jibu la kila swali. Ndiyo maana alinipenda. Kama majibu yalikuwa ya kweli, hilo ni jambo lingine.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na tano Noah alikuwa amemaliza miaka sita na mafuta ya taa, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa mtu wa pointi. Yule anayevuta rungu la chuma na treni nzima ikaenda anakotaka yeye. Nafasi ilikuwapo. Mkaguzi wa reli, Mzungu aliyeitwa Bwana Donald, angekuja Jumatano, tarehe kumi na nne Desemba, ampime macho na kumtazama kazini. Stesheni Masta, Mgoa mmoja mwenye haraka kila saa, alimweleza wazi mbele yangu: "Righa, akikuta kosa moja, si pointi tu utakosa. Hata taa utaacha. Utarudi Sagalla kupalilia mihogo, na mimi sitafungua mdomo."

Basi Jumatatu ya wiki hiyo mimi nikaokota gazeti.

Lilikuwa limeachwa ndani ya behewa la daraja la kwanza, gazeti la Kiingereza. Nyinyi watoto wa siku hizi mnadhani Kiingereza kilianza na nyinyi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne misheni, na la tano ningelifika kama mwalimu hangekuwa na wivu. Gazeti lilisema Jumatano asubuhi, karibu na saa mbili, jua litapatwa. Mwezi utapita mbele yake. Hayo niliyasoma bila shida yoyote. Chini yake kulikuwa na habari ndefu yenye maneno magumu magumu, nikaona hayo ni mapambo ya waandishi. Nikalikunja, nikalitia mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwenye bomba la maji la landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako wanawake wote wa reli walikuwa wamepanga madebe.

"Jumatano," nikatangaza, "saa mbili asubuhi, jua litazimika. Litakuwa giza tii. Hutauona mkono wako."

Mable hakuinua hata kichwa. "Kaka, mara ya mwisho ulisema gavana anapita. Tukafagia landi nzima, akapita muuza mbuzi."

"Gavana alibadilisha njia!"

"Na jua pia litabadilisha njia."

Wakacheka mpaka wengine wakamwaga maji. Lakini Noah, aliyekuwa amesimama pembeni na kopo lake la mafuta, hakucheka. Alikuja akanishika shati.

Kesho yake mchana aliniita kwenye chumba cha taa. Kilikuwa kibanda cha mawe kilichopakwa chokaa ndani, chenye mlango wa mabati ya zamani ambao matundu yake ya misumari hakuna aliyewahi kuyaziba. Alikuwa ameweka mezani taa moja yenye kioo chekundu, inawaka mchana kweupe.

"Shemeji," akasema, "jana alfajiri nilikuwa juu ya mlingoti wa Maungu. Mwezi niliuona chini kabisa, mwembamba kama ukucha uliokatwa, jua linakuja nyuma yake. Leo nimeutafuta, haupo. Kila siku unapungua ukilisogelea jua. Kwa hiyo nakubali, kesho wanaweza kukutana. Gazeti lako halidanganyi."

"Mimi na gazeti hatudanganyi."

"Lakini fumba jicho moja, usimame hapo." Akachukua kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, akakileta karibu na jicho langu lililo wazi. Taa ikapotea yote. "Unaona nini?"

"Kifuniko chako kichafu."

"Vizuri. Usitikisike." Akaanza kukirudisha nyuma polepole, akikipeleka kuelekea kwenye taa. Alipokivusha katikati, ukingo mwekundu ukachomoza juu, chini, kulia na kushoto, mpaka nikaona kitu cha ajabu: duara jeusi katikati, na bangili ya moto imelizunguka.

Nikainama kuisogelea, mdomo wazi.

"Kifuniko ni kilekile," Noah akasema. "Hakijapungua. Kimekwenda mbali nawe tu, basi kimeshindwa kuziba. Kwa hiyo niambie, wewe uliyesoma: kesho mwezi utakuwa karibu nasi au mbali? Maana ukiwa karibu, giza litaingia na taa zangu lazima ziwe zinawaka. Gari la mizigo kutoka Mombasa linapita Maungu na kuingia hapa kama saa mbili hivi. Dereva asipouona mkono wa signali, atapita. Ukiwa mbali, jua litabaki na bangili, na bangili ya jua itatosha kwa dereva."

Gazeti lilikuwa mfukoni. Ningeweza kulitoa nikapambana na yale maneno magumu. Badala yake nikavuta pumzi, nikasema, "Karibu. Karibu sana. Imeandikwa."

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na nimeiandika mwenyewe kabla hajaiandika mwingine.

Noah hakulala vizuri, Mable alinisimulia. Alikuwa akihesabu. Akiacha taa chini na giza likaja, hatari kwenye reli, na pointi hana. Akizipandisha na giza lisije, atakuwa amechoma mafuta ya reli asubuhi kweupe bila amri, tena mbele ya mkaguzi. Alimwendea Masta alfajiri kumwuliza. Masta alikuwa akihesabu tikiti. "Kanuni unaijua," akajibu bila kumtazama. "Giza likikaribia, washa. Usiniletee mambo ya mbingu."

Basi saa moja asubuhi, jua limeshatoka, anga halina hata wingu la kufutia jasho, watu wa Voi wakamwona Noah Righa akirudi kwenye milingoti na taa begani, zote zinawaka. Alizipandisha moja moja. Makuli walimpigia kelele: "We Noah! Jua ndilo lile! Umelipita!" Alipanda, alishuka, hakujibu mtu.

Mimi nilikuwa juu ya robota za katani nje ya bohari, na watu wamenizunguka, maana habari zangu za bombani zilikuwa zimefika mpaka sokoni. Nilikuwa na kipande cha kioo nilichokipaka masizi kwenye moshi wa taa. Nilimpa Noah atazamie, akakataa.

"Macho yangu leo yanapimwa, shemeji. Silitazami jua hata kwa kioo chako. Na wewe ukiliacha utafanya vizuri."

"Mimi macho yangu ni ya chuma," nikamwambia.

Kupatwa kulianza bila kishindo. Kipande kidogo pembeni, kama mtu amelionja jua. Kikakua. Nusu ikaondoka, halafu zaidi ya nusu. Upepo ukapoa. Mwanga ukawa wa ajabu, si wa jioni wala si wa mawingu, kama tunatazama nje kupitia chupa kuukuu. Vivuli vya vidole vikawa vikali mno ukutani. Mlima wa Sagalla ukageuka rangi ya risasi. Kuku wa Mable wakasimama katikati ya uwanja wakitazamana, kama watu waliosahau walichokuja kununua.

Watu wakashika pumzi wakingoja giza langu.

Giza halikuja. Saa mbili ikafika, ikapita. Jua lilibaki kipande cha mundu, chembamba lakini kikali, na kila kitu kikaendelea kuonekana: reli, mti, uso wa Mable ukinitafuta. Mkono wa signali ulionekana vizuri kabisa, na nyuma yake taa ya Noah, nukta nyekundu ya aibu, ikiwaka bure. Gari la mizigo likaingia, dereva akiwa amenyoosha kichwa nje, akizicheka zile taa.

"Shemeji!" Noah akaniita kutoka chumba cha taa. "Wacha kutazama juu! Njoo huku!"

Niliingia akafunga mlango. Jua lilikuwa bado chini upande wa mashariki, likipiga mabati moja kwa moja, na kila tundu la msumari lilikuwa limetupa mwanga wake ukutani. Siku nyingine ingekuwa vidoa vya mviringo. Siku ile ukuta mzima wa chokaa ulikuwa umejaa majua madogo yaliyoliwa, mundu baada ya mundu, yote yakielekea upande mmoja. Noah alikuwa ameweka kidole chini ya mmoja, akiutazama ukinenepa taratibu.

"Jua linarudi," akanong'ona. "Mwezi haukuziba, shemeji. Na bangili sikuiona pia. Huu ni mundu. Kwa nini mundu?"

Lile ndilo swali alilouliza, mtu ambaye kazi yake ilikuwa inaondoka dakika ileile. Na kabla sijatunga jibu, tukasikia kwenye reli magurudumu ya toroli, kile kigari cha mkaguzi kinachosukumwa na watu wanne, na sauti ya Mzungu.

"Nani nawasha taa mchana?"

Nitasema ukweli: nilijificha nyuma ya pipa la mafuta. Noah alitoka.

Bwana Donald alikuwa mrefu, kofia pana, magoti mekundu. Masta alisimama karibu naye akijikausha shingo. "Ni mtu wa taa, Bwana. Nilimwambia kanuni."

"Ni mimi, Bwana," Noah akasema.

"Kwa nini?"

"Nilipima umbali wa mwezi, nikakosea. Nilidhani uko karibu."

Bwana Donald akaisukuma kofia nyuma. "Wewe napima mwezi?"

"Kwa kifuniko, Bwana."

"Lete hiyo kifuniko."

Noah akakileta pamoja na taa yake nyekundu. Pale pale jukwaani, Masta akipumua kwa hasira, akamfumbisha mkaguzi wa reli jicho moja, akapeleka kifuniko mbele, akakirudisha nyuma. Nilichungulia nikaona Bwana Donald ameinama, mdomo wazi kidogo, sawa na mimi jana yake.

Akajinyoosha. Akachomoa gazeti kwenye mfuko wa koti, lilelile langu, ila la kwake alikuwa amelisoma lote. "Gazeti nasema mwezi leo iko mbali. Njia yake hapana duara safi. Mara karibu, mara mbali. Leo mbali, nakuwa kidogo, hapana weza funika jua. Nabaki pete. Lakini pete iko kaskazini, kule Somalia. Hapa sisi iko kando ya njia, tunaona mundu tu. Yote naandikwa hapa. Wewe hapana soma?"

"Sijui kusoma, Bwana."

"Nani nakusomea?"

Noah akatazama reli. Masta akatazama Noah. Angetaja jina langu, lawama yote ingehama. Nilimwona akilimeza jina hilo, mtu huyu asiyeweza kupitisha saa bila swali.

Ndipo Mable alipochungulia mlangoni mwa kibanda. "Kaka, toka huko. Usinilazimishe kukuvuta mbele ya watu."

Nikatoka kwa hiari yangu, akiwa amenishika sikio. Nikajisimamisha mbele ya Bwana Donald nikasema, "Ni mimi niliyesoma. Niliishia juu." Nilitegemea heshima kidogo kwa ushujaa huo. Badala yake jukwaa zima lililipuka kwa kicheko, hata wale wanne wa kusukuma toroli. Kumbe kile kioo kilikuwa kimeniachia masizi kulizunguka jicho, duara kamili jeusi. Makuli wakapiga makofi: pete ya Somalia imefika Voi!

Bwana Donald hakucheka, ila masharubu yalitikisika. Akamgeukia Noah. "Umeona giza hapana kuja. Kwa nini hapana zima?"

"Sikuwa na hakika mpaka mundu uanze kunenepa, Bwana. Ulipoanza kunenepa nilikuwa nakwenda kuzizima. Ndipo ukaja."

"Hm." Akamgeuza kwa mabega kuelekea njia ya Maungu, na mimi akanigeuza pia. "Mkono ya signali ya mbali. Juu ao chini?"

"Juu," Noah akasema. "Na taa yake inatoka moshi kidogo. Utambi wa kushoto nimeukata vibaya."

"Na wewe?"

Mimi niliona doa la kijani limekaa pale hasa ambapo signali ilitakiwa kuwa. Nikihamisha macho, doa linahama nayo. Lilinikalia siku tisa, na hata leo nikichoka hunitembelea. "Naona vizuri sana," nikajibu, "ila signali yenyewe haipo."

Sasa mtu mwingine angeshukuru, akanyamaza, akangoja hukumu. Noah akasafisha koo. "Bwana, kuna jambo moja. Kila mwisho wa mwezi, mwezi hupotea alfajiri vilevile, karibu na jua. Mbona jua halipatwi kila mwezi?"

Masta aliinua macho mbinguni. Lakini Bwana Donald alichuchumaa, akanyoosha kidole kwenye reli pale njia ya Taveta inapoachana na njia kubwa. "Tazama. Njia ya jua, hii. Njia ya mwezi, ile. Naenda pamoja, lakini hapana lala sawa: moja nainuka kidogo, moja nashuka. Nakutana pahali pawili tu, kama hapa kwa pointi. Treni mbili napita kila siku, hapana gongana. Nagongana kama zote mbili nafika kwa pointi saa moja ileile. Leo zote mbili nafika."

"Kwa hiyo siku nyingine mwezi hupita juu au chini ya jua, na sisi hatuoni kitu."

"Ndiyo."

"Na mwezi ukiwa kwenye pointi na tena uko karibu, hapo ndipo giza la kweli."

"Ndiyo, Righa. Siku hiyo washa taa." Akasimama akapangusa magoti. Mimi baadaye niliyafuata mambo haya vizuri, kwa mtu aliyesoma kweli, na nikakuta jua ni pana kuliko mwezi kama mara mia nne, na liko mbali nasi kuliko mwezi karibu mara mia nne vilevile, ndiyo maana machoni vinakaribia kulingana, na mwezi ukisogea mbali kidogo tu pete inatokea. Lakini siku ile nilikuwa nafuta masizi kwa mate.

Bwana Donald akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu, kisha akasema yote mawili mbele ya Masta, ili asiwepo wa kuyageuza. La kwanza: Noah Righa amewasha taa bila amri, na onyo litawekwa kwenye faili yake. La pili: Maungu kunatakiwa mtu wa pointi, stesheni ndogo, mtu huyohuyo apandishe taa na avute rungu, hana wa kumwuliza usiku wala mchana. Macho yake ni mazuri. Aanze Januari.

Noah alibaki ameshika kifuniko.

"Maungu!" Mable akasema jioni ile, akipiga mwiko kwenye sufuria. "Maji yanakuja kwa tangi la treni, mara mbili kwa wiki! Nitafulia nini, vumbi?"

"Utakuwa mke wa mtu wa pointi," nikamwambia.

"Na wewe utakuwa kaka wa nani, maana hapa hakuna atakayekulisha."

Hilo lilinichoma kuliko lile onyo la kwenye faili ya Noah.

Walihama na godoro, kuku kumi na mmoja na pipa tupu la maji, ndani ya behewa la mlinzi wa gari la mizigo. Mwezi wa Machi nilipata ruhusa ya kwenda Mombasa, nikapanda daraja la tatu, nikakalia gunia la viazi karibu na dirisha. Tulipokaribia Maungu treni ikapunguza mwendo, ikayumba kidogo, ikahama kutoka reli moja kwenda nyingine laini kama mtu anayepisha mwenzake mlangoni. Nikatoa kichwa. Noah alikuwa amesimama kando ya rungu lake, mikono miwili imelishika, shati limefungwa vifungo vyote. Nilimwita kwa jina. Nikapunga mkono, nikapiga mluzi, nikapunga mikono yote miwili mpaka abiria wakanivuta ndani. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama behewa la mwisho, ahakikishe limepita.